Nusu Bakuli kwa Ndululu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la kutoa kopi pale Sultan Hamud, Nzioka hunawa mikono mara mbili. Mara ya kwanza ni kuondoa wino wa printa uliolala kwenye kucha. Mara ya pili ni kwa ajili ya komiki. Hujikausha kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukigusa, kisha huketi nyuma ya kaunta, mlango ukiwa nusu wazi, na kusoma kurasa nane. Hazizidi nane. Akimaliza hufungua mlango wote, na wenye shida za kopi za vitambulisho na picha za pasipoti huingia.

"Siku ukinawa hivyo kabla ya kula, nitashukuru," mkewe Ndunge humwambia.

"Ugali hauna kona za kukunjika, Mama Mutindi."

Nzioka ana miaka arobaini na mmoja. Ni mrefu, ameinama kidogo mabegani, na kanisani huketi benchi la mwisho. Watu humwita Mwalimu ingawa hajawahi kufundisha. Kwa miaka sita amekuwa na ukurasa wake kwenye mtandao ambapo huandika uhakiki wa komiki mpya: za mashujaa wenye nguvu za ajabu, za vyombo vinavyokwenda kwenye nyota, za falme ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Hakuna anayemlipa. Komiki nyingine huzinunua kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, nyingine hutumiwa na wachoraji wa Nairobi, Kisumu na Kampala. Kila uhakiki huuchapa pia na kuubandika mlangoni, na walio kwenye foleni husoma wakingoja. Mimi nilimfahamu nikiwa kwenye foleni hiyo, mwaka niliokuwa nikichapisha tasnifu yangu ya chuo. Nilikuwa nikimaliza kazi yangu na kubaki pale nikisoma mlango.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hasomi komiki kwenye simu. Ikija kwa simu, anaichapa kwanza, anaipiga pini mbili kwa ile stepla yake kubwa, na kikishapigwa pini, kwake hicho ni kitabu. Halafu anakata vipande vya karatasi na kufunika maneno yote ya wahusika. Anasoma picha peke yake. Asipoelewa, anaandika kwenye daftari: mchoraji hajafanya kazi yake. Ndipo anafunua maneno. Na jambo moja hakulivunja kamwe: hazungumzi na msanii kabla ya kuandika. Alisema ukishasikia sauti ya mtu, kalamu inalegea.

Alama zake zilikuwa bakuli za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Bakuli tano ni komiki ya kununua hata kama huna nauli ya kurudi nyumbani. Bakuli moja ni ya kufungia vitumbua. Kuhusu komiki moja ya fundi wa Mlolongo aliyeunda roketi kwa vyuma vya malori, aliandika: "Bakuli nne. Ingekuwa tano, lakini roketi ilipaa bila mtu yeyote kuuliza itashukia wapi, na mimi ni mzazi." Kuhusu shujaa wa kigeni aliyevunja majengo kumi akimfukuza jambazi mmoja: "Bakuli mbili. Kurasa arobaini za vioo kuanguka, na hakuna hata ukurasa mmoja wa mtu mwenye ufagio."

Pasta wake alisimama mlangoni siku moja akasoma yote hayo, mikono nyuma.

"Nzioka, hawa watu wanaruka angani kwa nguvu za nani?"

"Za mchoraji, pasta."

"Na huyo mchoraji ameokoka?"

"Huyu wa bakuli mbili, hapana."

Pasta alicheka. Wengi walikuwa wakicheka. Nadhani kwenye kicheko hicho ndiko mambo yalikoanza kuharibika, ingawa Nzioka mwenyewe hajasema hivyo.

Nyuma ya duka kulikuwa na hoteli ndogo ya chakula, na mpishi wake aliitwa Kavindu, mwanamke wa Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, aliyekuja kutafuta kazi karibu na barabara ya Mombasa. Saa nne kila siku alimletea Nzioka chai. "Na hii chai, Mwalimu, bakuli ngapi?" angeuliza. Nzioka angeonja, angefikiri, angesema tatu na nusu, na Kavindu angedai nusu iliyobaki.

Kavindu alikuwa na ndugu mdogo huko nyumbani, Ndululu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, amemaliza kidato cha nne, anachunga mbuzi na ngamia wachache wa mama yao, na anachora. Anachorea kwenye karatasi zilizotumika upande mmoja alizopewa na karani wa shule, kwa kalamu za biro za bluu na nyeusi. Kavindu ndiye aliyemtumia namba ya Nzioka. Ndululu aliandika mara moja tu: "Mwalimu, mimi ni ndugu ya Kavindu. Nimemaliza komiki yangu. Naomba uisome kama unavyosoma za wengine." Kisha akaanza kutuma picha za kurasa, thelathini na mbili kwa jumla.

Tseikuru mtandao si wa kutegemea. Ndululu alipanda kilima jioni, akatuma, kurasa kumi na moja zikapita na nyingine zikakwama. Kesho yake akapanda tena, akatuma zilizokwama, baadhi mara mbili. Zilifika kwa Nzioka jinsi zilivyoweza kufika, ya ishirini mbele ya ya nne, ya tisa mwisho kabisa. Kurasa zilikuwa na namba, lakini Ndululu alikuwa ameziandika nyuma ya karatasi, katikati ya hesabu za watoto wa shule, ili asiichafue picha. Kwenye simu hazikuonekana.

Nzioka alifuta zilizorudiwa, akahesabu thelathini na mbili, akazichapa kama zilivyokuja, akapiga pini.

Komiki yenyewe ilihusu mwanamke anayeitwa Nzilani, ambaye akichimba mto mkavu kwa mikono yake, maji hutoka hata mahali ambapo hayajatoka kwa miaka. Maneno yalikuwa machache mno, salamu tu za watu wa vijiji anavyopita. Uhakiki wa Nzioka ulitoka Jumatatu moja ya mwezi wa tatu. Nilikuwa pale alipoubandika. Uliandikwa hivi, sehemu niliyoikumbuka mimi na kila mtu:

"Nzilani ana miaka sabini ukurasa wa tano, kumi ukurasa wa sita, arobaini ukurasa wa saba. Sijui kama ni mtu mmoja au ni ukoo mzima unaoazimana leso. Msanii ana mkono mzuri, lakini hajui hadithi yake inaanzia wapi, na asiyejua mwanzo asitupeleke safari. Nusu bakuli, na hiyo nusu ni mawe."

Hakuna uhakiki wake uliowahi kusambaa kama huo. Watu waliutuma kwenye makundi ya kanisa, ya chama, ya shule. Mtangazaji mmoja wa redio ya Kikamba aliusoma hewani akicheka mpaka akakohoa. Wasomaji wa Nzioka waliongezeka karibu maradufu kwa wiki mbili. Ndululu alijibu kwa ujumbe mmoja: "Asante Mwalimu. Nimesoma."

Kavindu aliendelea kuleta chai. Hakuuliza tena ni bakuli ngapi.

Mwezi wa nane alikuja dukani bila chai, amebeba mfuko wa unga wa mahindi uliokunjwa juu. Ndani kulikuwa na zile karatasi.

"Mwalimu, nitolee kopi moja. Uifunge kama kitabu, na jalada."

"Ni za nani?"

"Za Ndululu. Si unazijua." Alisema bila ukali. "Nilikuwa nyumbani wiki jana. Figo zinamsumbua. Alikuwa amelazwa Mwingi, sasa amerudi, hali chakula. Hizi nilizipata jikoni, alimwambia mama awashie moto. Nikasema acha nimpelekee kitabu. Labda akiona kitabu atakula."

"Ameacha kuchora?"

"Tangu mwezi wa tatu. Kule soko la mbuzi wanamwita Mawe. Hata watoto. 'Mawe, shika kamba.' 'Mawe, mbuzi wako huyo.' Na yeye anaitika."

Nzioka aliwasha mashine. Ili ukurasa usitoke kichwa chini, alizigeuza karatasi kifudifudi kwenye kaunta, na hapo akaiona namba, kwenye kona, imezungushiwa duara. Kumi na saba. Akageuza nyingine. Tatu. Akaanza kuzipanga. Kavindu alidhani anazinyoosha.

Alipomaliza alizigeuza zote na kusoma kutoka mwanzo, akiwa amesimama. Nzilani anaanza akiwa bibi kizee aliyejifunga leso, anayetembea na fimbo. Anachimba maji kijiji cha kwanza, na kwenye ukurasa unaofuata fimbo hana tena. Anachimba cha pili, nywele zinarudi nyeusi. Kila anapowapa watu maji, miaka inamtoka. Anafika kijiji kimoja akiwa mama mwenye nguvu, kingine msichana, kingine mtoto wa miaka kumi anayechimba kwa kikombe, na kila mahali wanamshukuru na kumwacha aende zake. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja ni mtoto mchanga amelala mchangani kando ya maji. Ukurasa wa mwisho, watu wa kijiji cha kwanza wamefika, wamezeeka, na mwanamke mmoja anainama kumfunga mgongoni kwa ileile leso.

Nzioka aliniambia kwamba katika miaka sita alikuwa amesoma komiki zaidi ya mia tano, na hakuwa ameona iliyoifikia hiyo.

"Imekaa vibaya?" Kavindu aliuliza.

"Hapana."

Alitoa kopi kwenye karatasi nzito, akachagua jalada la bluu, akaifunga kwa ule waya mweusi wa tasnifu. Kavindu aliipokea kwa mikono miwili.

"Nimwambie nini, Mwalimu? Atauliza kama umesema kitu."

Nzioka alisafisha kaunta ambayo haikuwa chafu. "Mwambie nitaandika," alisema. "Mwambie naandika upya."

Kavindu aliondoka kesho yake. Nzioka alianza kuandika usiku uleule, na alikuwa na siku kumi tu, ingawa hakujua.

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu zinazoeleza jinsi WhatsApp inavyopanga picha. Ya pili ilieleza kwa nini msanii yeyote makini huweka namba upande wa mbele. Ndunge aliisoma akiwa ameshika sufuria.

"Baba Mutindi, hii unamwomba msamaha au unamshtaki?"

"Naeleza."

"Mpigie simu. Namba si unayo? Mwambie, Ndululu, nilikosea, kitabu chako ni kizuri sana. Hayo ni maneno sita."

"Ni saba."

"Basi mpe saba."

"Nilimuumiza kwa maandishi, nitamrudishia kwa maandishi. Akisikia tu kwenye simu atadhani namhurumia kwa sababu ni mgonjwa."

Ndunge aliiweka sufuria chini. "Na akidhani hivyo, ni vibaya?"

Kulikuwa na jambo lingine pia. Siku hizo waandaaji wa maonyesho fulani ya komiki jijini walikuwa wamemwomba awe mmoja wa majaji, na majina yangetangazwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nzioka hakuomba nafasi hiyo. Waliandika kwamba wamempenda kwa sababu ya ule uhakiki wa mawe. Alinionyesha ujumbe wao siku ya tano, akaiweka simu mfukoni, akaitoa tena akausoma. Siku ya saba rasimu ilikuwa imepungua kuwa ukurasa mmoja. Siku ya tisa aliurefusha tena. Majina yalikuwa yametoka Ijumaa, lake likiwa la tatu.

Jumanne, siku ya kumi na moja, alifuta kila kitu na kuandika kwa dakika ishirini. Alisema alisoma kitabu kimevurugika, kwamba aliyekivuruga ni yeye kwa haraka yake na stepla yake, kwamba hakupiga simu kuuliza jambo ambalo mtoto angeuliza. Aliwaomba wote waliocheka pamoja naye waache. Akaeleza hadithi kwa mpangilio wake mpaka ukurasa wa thelathini na moja, na ule wa mwisho akakataa kuueleza, akisema msomaji auone mwenyewe. Bakuli tano. Akaongeza kwamba hajawahi kujuta kuwa bakuli zinaishia tano, ila siku hiyo.

Aliutoa uhakiki huo mtandaoni saa tatu asubuhi, akaubandika mlangoni, akampigia Ndululu. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Kavindu alipokea.

"Kavindu, mpe Ndululu simu. Nimeandika."

"Mwalimu," Kavindu alisema, "Ndululu alitutoka jana. Jioni, kabla ya mbuzi kurudi."

Nzioka aliuliza kitu cha kwanza kilichomjia, na bado haijamtoka akilini kwamba aliuliza hicho. "Kitabu alikiona?"

"Alikiona. Hakukiweka chini siku mbili. Alikula uji kidogo. Akaniuliza kama Mwalimu amesema kitu, nikamwambia umesema unaandika upya. Akasema, basi tungoje. Alikuwa ananituma kilimani na simu yake kila jioni, nione kama imefika."

Wateja wawili walikuwa wakingoja kopi. Nzioka aliwahudumia. Aliwapa kopi zilizonyooka, akawarudishia vitambulisho vyao, kila mmoja chake. Kisha akafunga duka.

Alikwenda Tseikuru kuzika. Alikaa nyuma, kama kanisani, lakini Kavindu alimfuata na kumpeleka kwa mama yao. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na alimshika Nzioka mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Ni wewe Mwalimu wa Sultan, uliyemtengenezea mwanangu kitabu."

"Ni mimi, mwaitu," alisema Nzioka, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ngai akubariki. Alifurahi."

Nzioka alikuwa amekuja na uhakiki mpya, umechapwa kwenye karatasi ile nzito, umekunjwa mara mbili ndani ya koti. Alikusudia kumsomea. Hakuutoa. Kile kitabu cha bluu kilikuwa kikipita mikononi mwa waombolezaji, kutoka mkeka hadi mkeka. Wachungaji wa mbuzi walikifungua kwa vidole vyenye vumbi. Wazee waliokuwa hawasomi walikifungua pia. Mwanamke mmoja, jirani, alikuwa akimwonyesha mwenzake: "Unaona, kila akitoa maji anazidi kuwa mdogo. Ona hapa. Ona hapa." Mwenzake akasema, "Na hawamuoni." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu mmoja wa soko la mbuzi, ambaye Kavindu alisema ndiye aliyeanzisha jina la Mawe, alikishika kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akakipitisha bila kumtazama mtu.

Nzioka aliporudi aliwaandikia wale waandaaji kwamba hatakuwa jaji. Hakutoa sababu ndefu. Uhakiki wa pili ulisomwa na watu mia mbili na kitu. Ule wa mawe bado unatumwa huku na kule na watu wasiojua kuna mwingine. Anaweza kuufuta kwenye ukurasa wake, lakini ameuacha, na juu yake ameweka ule wa pili. Komiki bado anasoma. Bado anaandika, mara moja kwa mwezi labda, na utani umepungua. Siku hizi humpigia msanii kwanza. Bakuli hatoi tena.

Aliniambia haya kwa vipande, alasiri za mwezi wa kumi, mvua ikiwa haijaja na wateja wachache. Sikuwa namuuliza maswali. Mimi si mtu wa maswali, na yeye alikuwa akiendelea mwenyewe, akinyamaza mashine ikifanya kazi, akiendelea inapokoma. Alizungumza sana kuhusu mtandao, kuhusu namba nyuma ya karatasi, kuhusu rasimu na makosa ya kila moja. Siku ya mwisho nilikusanya karatasi zangu, nikasimama, nikaona siwezi kuondoka bila kuuliza moja.

"Mwalimu, namba yake ulikuwa nayo. Kwa nini hukumpigia siku ileile ulipozipanga kurasa?"

Alizima mashine, tukasikia malori barabarani.

"Niliona aibu," alisema. "Nilitaka kwanza nipate namna ya kulisema nisionekane mjinga."